Nimchukue kocha wa poka au niendelee kujisomea?

SWALI: Habari kocha. Nacheza poka ya intaneti, NL25 (yaani unakaa mezani na dola 25), meza za watu sita. Nina mikono 40,000 kwenye PokerTracker, programu inayorekodi kila mkono, na niko hasi bb 1 (bb ni blaindi kubwa, dau la lazima la kila mkono) kwa kila mikono 100. Nikiwa kwenye kiti cha blaindi kubwa, anayeweka hilo dau, hapo peke yake napoteza bb 62 kwa mikono 100. Kitu kingine kinachoniua ni riva (kadi ya mwisho ya mezani), mtu ananirezia zote, yaani anapandisha dau kwa pesa zake zote, moyoni najua nimepigwa lakini nakoli tu, nalipa hilo dau. Sasa kuna kocha anataka dola 500 kwa vipindi 5, amenitumia na grafu yake inapanda vizuri sana. Nilipe au nijisomee?

JIBU: Salama kaka, na asante kwa kuleta namba, wengi huwa wanauliza hili swali bila data yoyote halafu inabidi tubahatishe.

Nianze na hiyo hasi 1 kwa sababu naona ndio imekutia presha. Kwenye meza za watu sita matokeo yanayumba sana, standadi divieshen (kipimo cha huko kuyumba) huwa inakaa kwenye bb 90 hivi kwa mikono 100, sasa ukiigawa kwa kipeuo cha pili cha 400 (maana mikono 40,000 ni mafungu 400 ya mikono 100) unapata 4.5. Ukienda divieshen mbili kila upande, kiwango chako halisi kinaweza kuwa popote kati ya hasi 10 na chanya 8, na bado matokeo uliyoyaona yakawa ya kawaida kabisa. Yaani kwa data hiyo hatujui kama unapoteza au unashinda, na mtu yeyote akikuuzia kitu kwa hoja kwamba "wewe ni mchezaji anayepoteza" hana ushahidi. Hata ukifika mikono 100,000 bado kuna kosa la karibu bb 3 kila upande, na hapo nimehesabu divieshen moja tu.

Lakini hiyo 62 ya blaindi kubwa ni habari nyingine. Blaindi kubwa kila mtu anapoteza, usiogope hilo, ukifoldi, yaani ukitupa karata, kila mkono ukiwa pale unapoteza 100 kamili kwa mikono 100, maana kila mkono unaacha bb moja mezani. Wachezaji wanaoshinda wanapunguza hasara hiyo mpaka chini ya nusu. Wewe uko 62, na ingawa mikono yako ya blaindi kubwa ni kama 6,700 tu na bahati imo humo ndani, hapo pananuka. Sasa angalia, hilo tundu unaweza kuliziba mwenyewe wiki hii bila kumlipa mtu. Fungua data yako, chuja mikono ya blaindi kubwa ambapo mtu wa batani (kiti kinachocheza mwisho baada ya flopu, kadi tatu za kwanza za mezani) alirezi, angalia unafoldi asilimia ngapi na unakoli na nini, kisha linganisha na chati za solva, programu zinazokokotoa uchezaji bora, zipo nyingi za bure. Karibu kila mara nikifungua data ya mtu mwenye namba kama yako nakuta moja kati ya mawili: ama anafoldi kupita kiasi dhidi ya rezi ndogo, ama anakoli vizuri halafu kwenye flopu anaachia poti (pesa zote zilizowekwa) kila akibetiwa, yaani akiwekewa dau. Yote mawili yanaonekana ukichuja, hayahitaji macho ya mtu mwingine.

Hapo ndipo ninapopasulia hili suala zima la kocha. Kitu ambacho jibu lake liko kwenye chati, kwenye kikokotoo au kwenye filta ya programu yako, usilipie. Kocha analipiwa kwa kitu usichoweza kukiona mwenyewe, au unachokiona lakini kila ukikaa mezani unakirudia. Blaindi kubwa yako ni ya kundi la kwanza. Riva yako ni ya kundi la pili.

Ngoja nikuonyeshe kwa mkono. Uko batani na A na Q, unarezi bb 2.5, blaindi kubwa anakoli. Flopu Q-8-4, unabeti 4, anakoli. Kadi ya nne ni 2, unabeti 13, anakoli. Riva inakuja 8. Poti iko kama 40, unabeti 20, jamaa anaweka zote 80. Unatakiwa kuongeza 60 kwenye poti ambayo ukishakoli itakuwa 200, kwa hiyo unahitaji kushinda asilimia 30 ya mara. Mpaka hapo ni hesabu tu, hukuhitaji kocha.

Ukimpelekea kocha dhaifu huo mkono atakwambia "mimi hapo nafoldi" na mtahamia mkono mwingine, umelipa kusikia maoni. Kocha anayejua kazi yake atakuuliza kwanza: huyu jamaa amefikaje riva, 8 zake ni zipi, ni mikono gani ilikuwa inasubiri kadi ikakosa, na watu wa NL25 wakikosa huwa kweli wanaigeuza kuwa blafu (dau la kutisha bila mkono) ya bb 80? Kwenye steki ndogo (meza za pesa kidogo) rezi kubwa ya riva mara nyingi mno ni mkono mzito, ndio maana ile asilimia 30 huwa haifiki, ingawa solva kwenye karatasi inaweza kukukolia baadhi ya mikono. Kisha atafungua data yako yote, achuje kila mara ulipokoli rezi ya riva, akuonyeshe jumla ya ulichopoteza hapo. Halafu linakuja lile swali gumu, kwa nini unakoli wakati unajua. Kuna anayekoli kwa sababu hawezi kuvumilia wazo la kublafiwa, kuna anayekoli kwa sababu yuko kwenye meza nne na muda unaisha, kuna anayekoli kwa hasira ya mkono uliopita. Dawa zake hazifanani, na huyo mtu wa pembeni anayekusikiliza ukieleza mkono kwa sauti ndiye anaweza kukutambulia. Hiyo kazi naiheshimu sana na inastahili kulipwa.

Sasa pesa. NL25 bb moja ni senti 25. Tuseme kocha amekuboresha kwa bb 3 kwa mikono 100, ambayo ni maendeleo makubwa, hizo ni senti 75. Dola 500 zitarudi baada ya mikono karibu 67,000. Wewe ulicheza 40,000 kwa muda gani? Kama ni mwaka mzima basi unangoja zaidi ya mwaka na nusu kurudisha tu ulicholipa. Angekuwa mtu wa NL5 ningemwambia hapana moja kwa moja, anahitaji mikono zaidi ya 330,000. Mtu wa NL100 anarudisha kwa mikono 17,000 hivi. Na dola 500 ni bai-ini 20 za NL25, yaani kukaa mezani mara 20, kama hizo ndizo bankroli yako yote, pesa uliyotenga kwa poka, usiziguse kabisa, na kama ni pesa ya kodi au ya ada basi hata poka yenyewe isimamishe kwanza.

Kuhusu grafu yake, mstari unaopanda hauniambii kitu mpaka nijue ni steki gani, mikono mingapi na miaka gani. Solva ya PioSOLVER ilitoka 2015, baada ya hapo mchezo ulibadilika, kwa hiyo grafu ya kabla ya hapo ni historia. Halafu kushinda na kufundisha ni vitu viwili, nimeona wachezaji wakali ambao hawawezi kueleza kwa nini walibeti theluthi ya poti badala ya robo tatu. Mwulize anachezea wapi sasa hivi na amefundisha watu wangapi wa steki zako.

Pia akikwambia mtashirikiana skrini ukiwa unacheza kwa pesa akuelekeze nini cha kufanya, au atakaa yeye kwenye akaunti yako, kimbia. Huo ni wizi kwa wapinzani wako, tovuti kubwa zinakataza na akaunti inafungwa pamoja na hela zake. Na wale wa mkataba wa kugawana faida badala ya kulipa mwanzoni, soma mkataba unaisha lini, kwa mikono au kwa kiasi cha faida, na ukitaka kuacha katikati unadaiwa nini. Mikataba mingine inakubana mpaka unacheza huku umechoka ili tu utimize idadi.

Kwa hiyo wewe usinunue vipindi 5. Ziba blaindi kubwa mwenyewe kwanza, cheza mikono 10,000 hivi, na katika hiyo kila mkono uliokoli rezi ya riva uutie alama na uandike sentensi moja ya kwa nini ulikoli, palepale, kabla hujaona mkono mwingine. Kisha mwombe huyo kocha kipindi kimoja tu, mtumie ile mikono na data yako siku mbili kabla, na usikilize kama amekuja ameshaisoma. Akija ameisoma na maswali yake yakakufanya ukune kichwa, nunua cha pili. Akija na slaidi zilezile anazompa kila mtu, au akikataa kuuza kimoja kimoja, mwambie asante.