Leza ya nyumbani iliyokataa kuwaka

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 29, naishi Morogoro. Ninaota nywele kidevuni na shingoni. Nikinyoa kwa wembe natokwa na vipele, vikikauka vinaacha madoa meusi. Wifi yangu anayeishi Muscat alikuja likizo na leza yake ya nyumbani, na kwa kweli miguu yake ni laini. Nikaiazima, lakini nikiigusisha kidevuni inawasha taa nyekundu na haipigi mwanga. Muuzaji mmoja wa mtandaoni ananiambia hiyo ni ya Wazungu na Waarabu, yeye anayo isiyochagua ngozi kwa shilingi 150,000. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Usinunue. Na hiyo ya wifi yako mrudishie kwa shukrani, maana imekufanyia hisani ambayo muuzaji hana mpango wa kukufanyia.

Karibu kila wiki naletewa malalamiko haya: "Mashine mbovu, inakataa." Si mbovu. Ina kihisi kinachopima weusi wa ngozi, na kimepima wako kikaona mwanga huu utakuunguza. Watu wanachukulia kukataa huko kama ubaguzi au hila ya kiwanda, halafu wanatafuta fundi wa kukizima, au wananunua mashine ambayo haikuwekewa kihisi tangu mwanzo. Hiyo ndiyo "isiyochagua ngozi". Haijatengenezwa kwa ajili yako. Imepunguzwa kifaa kimoja ili iuzwe rahisi.

Mwanga haujui unywele ni nini. Unachokifuata ni melanini, ule weusi wenyewe. Melanini ikinywa mwanga inapata joto, na joto likifika kwenye shina la unywele linalidhoofisha. Wifi yako, kama ngozi yake ni nyeupe na nywele ni nyeusi, weusi wake uko kwenye unywele tu. Wewe weusi unao mpaka kwenye ngozi ya juu, na hiyo ndiyo inayokutana na mwanga kwanza. Joto linaishia hapo hapo. Wanaokuja kwangu wameungua nawatambua kabla hawajasema neno: mistatili midogo iliyopangana shavuni kama vigae, kila mmoja na ukubwa wa kidirisha cha mashine. Malengelenge yanapona baada ya siku chache. Madoa yanakaa miezi, mengine meusi, mengine meupe. Na kama kwenu mna historia ya makovu yanayovimba, taya ni mahali pabaya sana pa kubahatisha.

Halafu nyingi ya hizo mashine si leza. Ni IPL, taa kali inayotoa mawimbi mengi ya mwanga kwa mpigo mmoja. Ngozi tunaigawa aina 6 kwa kipimo cha Fitzpatrick, kilichoanza 1975 kwa ajili ya ngozi nyeupe. Aina ya 5 na ya 6, yaani wengi wetu, ziliongezwa baadaye. Fungua karatasi ya maelekezo ya IPL ya nyumbani na uangalie picha za rangi za ngozi: mara nyingi ruhusa inaishia kwenye kahawia ya kati. Hata kwa wanaoruhusiwa, inapunguza nywele, na ukiacha kuitumia zinarudi.

Najua swali linalofuata: "Nikiweka namba 1, ya chini kabisa?" Kama haikuunguzi, basi haifiki kwenye shina. Tena kuna wanawake, hasa wanaoitumia usoni na shingoni huku homoni zao zina matatizo, ambao mwanga huu unawaongezea nywele badala ya kuzipunguza. Joto lisilotosha ni moja ya sababu tunazozishuku.

Kinachonikera zaidi ni ushauri wa kujichubua kwanza ili mashine ikubali. Mkorogo mwingi una steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, na steroidi ikipakwa usoni kwa muda mrefu huotesha nywele. Mtu anapaka, anaota ndevu, ananyoa, anapata vipele na madoa, anapaka tena ili aondoe madoa, mwisho ananunua taa aichome ngozi ambayo krimu imeshaifanya nyembamba. Anayemuuzia krimu na anayemuuzia taa mara nyingine ni mtu mmoja, ukurasa mmoja. Tanzania ilishapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, lakini mkorogo unachanganywa chumbani, hauna lebo ya kukaguliwa.

Leza inayotufaa ipo: Nd:YAG, mawimbi ya nanomita 1064. Melanini haiupendi sana mwanga huo, kwa hiyo unapita ngozi ya juu na kufika chini kwenye shina. Ni mashine ya kliniki, na mtoa huduma anayejua kazi hujaribu sehemu ndogo kwanza, akasubiri, ndipo aendelee. Unarudi mara kadhaa, kila baada ya wiki kadhaa. Ukifika mahali, uliza mashine ni ya aina gani. Ukijibiwa "ni leza tu, dada", chukua mkoba wako uondoke.

Lakini hata hiyo si hatua ya kwanza. Nywele za kidevuni kwa mwanamke wa umri wako, hasa kama hedhi inaruka miezi, zinahitaji kwanza kupimwa homoni. Tatizo la vifuko kwenye ovari ndilo tunalolikuta mara nyingi. Wakati huo acha wembe. Tumia mashine ya kupunguza nywele, bakisha kama milimita moja, ili ncha isijikunje na kuingia tena kwenye ngozi. Vipele vitapungua kwa hilo peke yake.

Ukienda kwa daktari wa ngozi, beba kila unachopaka usoni, hata kopo lisilo na jina. Na wiki mbili tatu kabla usizinyofoe nywele kwa kibano. Atataka kuziona zilivyo.