Usimpe mbuzi mtu mwenye deni la kangomba

Msimu wa korosho ukikaribia, ndugu walioko Dar huanza kunipigia simu. "Nataka kumwinua shangazi huko Tandahimba. Nimnunulie mbuzi au nimfungulie genge?" Mimi huwajibu kwa swali: shangazi anadaiwa na nani?

Nahamasisha vikundi vya hisa, vya kuweka akiba na kukopeshana, huku Newala na Tandahimba mkoani Mtwara, na kaya nyingi ninazoziona zikihangaika zina mikorosho. Shida yao ni miezi. Korosho zinakusanywa ghalani na kuuzwa kwa pamoja kwenye minada ya stakabadhi ghalani kuanzia Oktoba hivi, na fedha zinaingia benki baadaye. Kumbe kifuku, yaani msimu wa mvua, kimeshapita, mwezi wa pili na wa tatu, chakula cha ndani kimekwisha na cha shambani hakijakomaa. Kisha mikorosho inatoa maua na inataka salfa, la sivyo ugonjwa wa ubwiriunga unayakausha. Salfa ya ruzuku siku hizi ipo kwa mkulima aliyesajiliwa, lakini kijana mwenye mashine ya kupulizia hafanyi kazi bure, na petroli ni ya kununua. Hapo ndipo mtu wa kangomba anapopiga hodi: anakukopesha leo, na msimu ukifika unamlipa kwa korosho, kwa bei ya chini na kipimo chake mwenyewe.

Kuna bibi mmoja, mjane anayelea wajukuu, alichukua unga wakati wa kifuku kwa ahadi ya kulipa korosho. Siku ya kulipa nilikuwepo. Kijana alikuja na bakuli lake mwenyewe. Akajaza mpaka korosho zikasimama juu kama kichuguu, akaligongagonga zishuke, akaongeza tena. "Hiyo kilo moja, bibi." Tulipoazima mizani ya jirani, hiyo "kilo" ilipita kilo moja na nusu. Bibi hata hakushtuka. "Mwanangu, ningefanyaje? Watoto walikuwa wanalia njaa."

Biashara hii imepigwa marufuku siku nyingi. Mwaka 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, watu wa kangomba waliandamwa kwelikweli. Bado wapo. Ukimpa mtu mbuzi huku anadaiwa magunia, mbuzi huyo ataondoka na anayemdai, au atauzwa Machi kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo hela yako ya kwanza ipeleke kwenye chakula cha kifuku. Nunua mahindi au makopa (mihogo mikavu) mapema, bei ikiwa chini, yahifadhiwe. Ya pili iwe ya mapulizi na palizi, ukimlipa mpuliziaji mwenyewe kama unaogopa itaishia njiani. Akivuka miezi hiyo bila kukopa, korosho zake zote zitafika AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na hiyo tofauti ya bei itamsaidia kuliko zawadi yoyote utakayomletea.

Lakini angalia jina. Nimekuta wajane ambao korosho zao zinapimwa kwa jina la shemeji, na fedha zinaingia akaunti ya shemeji. "Atanipa," wanasema. Wengine hupewa kweli. Mimi nashauri asajiliwe yeye, akaunti iwe yake, na mambo haya yamalizwe kabla ya msimu, kwa heshima, mbele ya wazee wa ukoo. Ukisubiri fedha zitoke, utakuta ugomvi.

Kwenye hisa nina msimamo ambao vikundi vingi havinipendi kwa ajili yake. Wengi huvunja sanduku, yaani hugawana akiba ya mwaka, Desemba, wakati fedha za korosho nazo zipo mkononi. Zinakutana fedha mbili, na zote zinakwisha kwa vitenge na bati nusu. Vunjeni mwezi wa pili! Kina mama hunijibu kwamba Januari shule zinafunguliwa na sare zinahitajika, na hapo wana haki. Basi watoe mkopo mdogo wa shule, mgao usubiri. Anayepokea ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, naye anunue hisa hata moja siku ya malipo, kabla hajapita dukani. Unyago wa mtoto nao uwekewe fungu lake mapema. Sijawahi kumwambia mtu auache, na wanaosema hivyo hawajaishi huku.

Kuku wanafaa kuanzia, kwa sharti la chanjo ya mdondo: tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, kwa hiyo majirani wachange na wachanje siku moja. Ukichanja wa kwako peke yako, kichupa kilichobaki unakimwaga.

Mbuzi aje mwaka wa pili. Awe jike, na banda lijengwe kabla hajafika, maana akila mihogo ya jirani faini atalipa shangazi.