Maswali ya usajili: Kent State siyo Alabama, jamani

Wiki hii meseji karibu zote ni College Football 26, gemu la mpira wa Kimarekani wa vyuo, na karibu zote ni usajili kwenye Dynasty, ile sehemu ambayo wewe ndo kocha wa chuo msimu baada ya msimu. Nimechagua chache, nyingine nimeshazijibu mara tatu na wenyewe mnajijua.

*Kaka naomba list ya wachezaji wakali wa kusajili msimu wa kwanza.*

Hamna list. Wale ni watoto wa kubuni, gemu linawatengeneza, mkali wa kwenye Dynasty yangu kwako wewe hayupo kabisa. Mkiona mtu YouTube anauza "list ya siri" mjue anawatafuta nyie nyie.

*Nina PS4, litacheza?*

Hapana. PS5 na Xbox Series tu, la 25 na la 26 yote mawili.

*Nimechukua Kent State. Nimetoa skolashipu kwa wachezaji kumi wa nyota tano, daraja la juu kabisa, imefika wiki ya sita hakuna hata mmoja anayenitaka na masaa yote ya usajili yameenda. Hili gemu limenionea au?*

Halijakuonea mwanangu, umejionea mwenyewe. Hebu kwanza ujue umechukua timu gani. Kent State, timu ndogo ya chuo cha Ohio, mwaka 2024 walicheza mechi 12 wakafungwa zote 12, Tennessee waliwapiga 71-0, wiki iliyofuata Penn State wakawapiga 56-0. Sasa mtoto wa nyota tano ambaye vigogo kama Georgia, Ohio State na Alabama wote wako mlangoni kwao, wewe unakuja na barua yako ya posa unategemea nini? Hata huku kwetu Simba na Yanga wakishaanza kumgombania mchezaji, timu ya mkiani haipigi hata simu.

Masaa ni hela, hilo ndo watu hawalielewi. Shule kubwa inapewa masaa mengi ya kubembeleza wachezaji kwa wiki, wewe unapewa kiduchu, halafu hicho kiduchu unakwenda kukimwaga kwenye mnada ambao tajiri hajaanza hata kupandisha bei. Mimi nikiwa na timu ndogo nyota siziangalii kabisa mwanzoni, naangalia nani mwingine yuko kwenye orodha ya yule dogo. Ukikuta uko wa kwanza au wa pili kwake na wenzako ni timu ndogo kama Akron na Ball State, huyo ni wako, fanya haraka. Ukikuta uko wa nane na juu yako kuna Michigan, futa jina, usiwe na huruma.

Ubao wa usajili unaruhusu majina 35. Yajaze yote kabla msimu haujaanza na toa skolashipu mapema, ni masaa matano tu kwa mtu, na kuna watoto kibao hawana ofa nyingine yoyote, hiyo yako peke yake inawasogeza. Halafu angalia alama ambazo gemu linaipa shule yako. Kent State uwanja hauna kelele, historia hamna, ubingwa ndo kabisa, lakini nafasi ya kucheza ipo, kwa sababu kikosi chenyewe kina mashimo kila mahali! Basi tafuta watoto wanaotaka kucheza mapema na wanaotaka kuwa karibu na nyumbani, Ohio imejaa hao. Mtu anayetaka ubingwa na jina kubwa utamdanganya na nini?

Baada ya hapo ndo skauti, yaani kutumia masaa kumchunguza mchezaji ujue uwezo wake halisi. Nyota tatu mwenye alama ya johari ya kijani kwangu mimi ana thamani kuliko nyota nne ambaye hujamchunguza, maana huyo wa nyota nne anaweza akafunguka akawa galasa, ile alama nyekundu, na wewe umeshamlipia masaa ya wiki tano. Na ziara za chuo usiziweke ovyo, unaruhusiwa wanne kwa wiki, weka kwenye mechi ya nyumbani ambayo unajua utashinda, mlete kwotabeki, yule mrusha mpira, pamoja na mpokeaji wake watapatana, usilete makwotabeki wawili siku moja wakaanza kuangaliana vibaya.

Ukifanya hivyo misimu mitatu ndo urudi uniambie gemu linaonea.

*Ipi bora, kutuma kila mtu (Send the House) kwa masaa 50 au kupiga debe kwa nguvu (Hard Sell) kwa 40?*

Kupiga debe ni kumsifia dogo shule yako, kutuma kila mtu ni kumrushia washenga wote kwa mpigo. Inategemea unajua anachotaka au hujui. Kama hujajua, kupiga debe ni sawa na kumwimbia mtu taarabu wakati yeye anapenda singeli, masaa 40 yameenda na uso ameununa. Ukishajua mambo matatu anayoyataka na alama zako kwenye hayo matatu ziko juu, piga debe, tena masaa 10 yanayobaki mtumie DM. Alama zako zikiwa mbovu ndo tuma washenga wote kwa 50, maana huko hawaulizi una nini. Kwa hiyo mara nyingi debe ni la matajiri na washenga ni wa maskini, ingawa nimeona watu wa Georgia wanatuma washenga kwa kila mtoto kwa uvivu tu wa kusoma.

*Mimi niko Alabama, kila mwaka nasajili nyota tano za kutosha lakini msimu ukiisha wanaondoka kwenye potali (soko la kuhama chuo). Tatizo nini?*

Tatizo ni wewe. Unasajili kama mtu anayenunua viatu.

Kila mchezaji ana sharti lake, na wengi wa hao wakubwa sharti lao ni kucheza. Umekusanya makwotabeki watano, anacheza mmoja, wanne wanakaa benchi wanahesabu siku, halafu unashangaa Desemba wamebeba mabegi. Na kikosi mwisho watu 85, kwa hiyo hata ambao hawajaondoka itabidi uwakate mwenyewe, maana yake masaa uliyowatumia yalikuwa ya bure na dogo mmoja mzuri angeweza kuwa anacheza Toledo saa hizi. Angalia nani anamaliza chuo mwaka huu, sajili kuziba hiyo nafasi, basi. Ukiwa na shule kubwa kazi siyo kuwapata, watakuja wenyewe, kazi ni kuwakataa.

Na hii kitu ya kukaa pale unapocheza ipo kwenye maisha ya kweli pia. Ashton Jeanty alikuwa nyota tatu, akabaki Boise State wakati shule kubwa zingemchukua hata usiku wa manane, mwaka 2024 akakimbia yadi 2,601 na akashika namba mbili kwenye tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo.

*Kwa hiyo nyota ni uongo?*

Siyo uongo, ni makisio. Cam Ward hakuwa na nyota hata moja, alianzia Incarnate Word, akaenda Washington State, akaenda Miami, na 2025 akawa namba moja kwenye drafti nzima ya NFL, pale timu za ligi ya kulipwa zinapochagua wachezaji wapya. Lakini usiniletee Cam Ward kama sababu ya kusajili watu ishirini wa nyota moja. Kwa kila Cam Ward kuna mamia ambao hawakuwa na nyota kwa sababu kweli hawajui mpira.

*Nikimkosa mchezaji nazima PS narudia sevu. Kuna ubaya?*

Peke yako, dhambi zako. Kwenye Dynasty ya online, ambako unacheza na watu wengine hadi 31, huwezi, na ndo maana hutaki kuingia huko.

*Hela ziko wapi? Si wachezaji wa vyuo wanalipwa siku hizi?*

Swali zuri, la kwanza leo. Tangu 2021 wanaruhusiwa kuuza jina na sura zao, na Juni 2025 jaji akapitisha makubaliano ambayo shule inaweza kuwagawia wanamichezo wake hadi kama dola milioni 20.5 kwa mwaka. Kwenye Dynasty hamna hata senti. Ndo maana nacheka mtu akilalamika kwamba gemu ni gumu kwa timu ndogo, ukweli ni kwamba linazipendelea, kwenye maisha yule nyota tatu wako wa johari akicheza vizuri msimu mmoja tu kuna mtu anakuja na begi la hela na wewe unabaki na picha. Kwenye gemu angalau unaweza kumbembeleza abaki.

Halafu kwa kuwa tumetaja hela, wewe uliyenunua pakiti za kadi za wachezaji za Ultimate Team kwa hela ya ada ya mdogo wako, meseji yako nimeiona na sijibu.

*Nianze na timu gani?*

Timu ambayo hujawahi kuiona kwenye TV. Mimi niko UTEP, chuo cha El Paso huko Texas, msimu wa nne, mwaka jana nimeshinda mechi tano, na kuna kwotabeki wa nyota tatu, mtoto wa hapo hapo El Paso, johari kabisa, Texas Tech bado hawajamwona. Imebaki wiki moja asaini, nyie kaeni kimya tu.