Ukihama Jimbo, Usidhani Sheria Mmehama Nayo

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Texas, huku Marekani, aliniandikia. Mume wake amepata kazi Pennsylvania, wanahama mwezi ujao, na watoto wao wawili hawaendi shule, anawasomesha mwenyewe nyumbani. Aliuliza jambo moja tu: "Dada, tukifika huko si naendelea kama kawaida?" Moyo ulinipiga paa. Ndiyo maneno niliyokuwa najiambia mimi mwenyewe nikifunga mabegi Houston.

Naomba kwanza nisimulie yaliyonikuta, ndipo nimjibu.

Texas nilisomesha wanangu miaka mitatu bila kumwandikia mtu barua hata moja. Kule shule ya nyumbani inahesabiwa kuwa shule binafsi, na Mahakama ya Juu ya jimbo ilishalimaliza suala hilo mwaka 1994. Unafundisha kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema, basi. Hakuna anayekuja kukagua. Mwanangu mkubwa alisoma Biblia ya Kiswahili na ya Kiingereza kabla hajafika miaka saba, na sioni aibu kusema nilijivunia. Nilifanya kazi kubwa.

Tukahamia Lancaster, Pennsylvania, mwezi wa Septemba. Niliwapumzisha watoto wiki moja, nikapanga vitabu kwenye rafu, tukaendelea. Siku moja nikaenda shule ya mtaani kuulizia kama kijana wangu anaweza kuchezea timu yao ya mpira. Dada wa mapokezi akaniuliza, "Hati yako ya kiapo uliwasilisha lini?" Nikamtazama. Hati gani?

Novemba ikaja bahasha kutoka wilaya ya shule. Niliifungulia ndani ya gari, mvua inanyesha, mdogo amelala kiti cha nyuma. Barua ilisema watoto wangu wana umri wa lazima kusoma, hawajaandikishwa popote, na siku zao zinahesabiwa kuwa utoro. Utoro! Mimi ninayeamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa masomo. Nililia mpaka vioo vikaingia ukungu. Jioni nikampigia mama Morogoro nikitafuta pole, akaniambia, "Si nilikwambia uwapeleke shule kama watu wengine?" Neno hilo bado linaniuma, sitaficha.

Lakini kosa lilikuwa langu. Sikusoma sheria ya mahali nilipohamia.

Pennsylvania ina sheria ya mwaka 1988 iliyo wazi kabisa. Kabla hujaanza kufundisha, unapeleka hati ya kiapo (affidavit) ya kusomesha nyumbani kwa mkurugenzi wa wilaya ya shule unakoishi, kisha unaipeleka upya kila mwaka kufikia tarehe 1 Agosti. Unaambatanisha malengo ya kila somo, na uthibitisho wa chanjo na huduma za afya. Anayefundisha awe amemaliza sekondari au ana elimu inayolingana nayo. Masomo ni siku 180, au saa 900 kwa watoto wa msingi. Hata hatari za moto na jinsi ya kujikinga nao ni somo la lazima. Mwisho wa mwaka mtathmini mwenye sifa anaongea na mtoto, anapitia faili la kazi zake, anaandika cheti, na cheti hicho kinafika wilayani kufikia tarehe 30 Juni.

Karatasi iliyonitesa ni cheti changu cha Kidato cha Sita. Karani wa wilaya ya shule alikigeuza mbele na nyuma mara mbili, kidole chake kikasimama kwenye nembo ya Baraza la Mitihani, akasema hakijui. Nilirudi nyumbani nimenywea. Siku ya pili nikarudi na nakala ya sheria, nimepigia mstari yale maneno "au inayolingana nayo". Kilipokelewa. Ndiyo maana nasema soma sheria mwenyewe, kwa macho yako, usitegemee ya kuambiwa na shoga yako wa jimbo la zamani. Uliyoyazoea Texas hayakusaidii Pennsylvania, wala ya Pennsylvania hayakusaidii New York, ambako wanataka ripoti kila robo mwaka. Ukihama hata wilaya tu ndani ya Pennsylvania, unaomba barua ya uhamisho siku 30 kabla.

Sasa hili la kupata watu. Miezi ile ya kwanza sikuwa na mtu. Kanisani walinisalimia vizuri, ila nikitaja kusomesha nyumbani wenzangu wa Afrika Mashariki walibadilisha mazungumzo. Mmoja alinieleza wazi kwamba nawafungia watoto ndani. Nikajifungia kweli.

Kilichonitoa ni sheria ile ile. Pennsylvania mtoto akiwa darasa la 3, la 5 na la 8 lazima afanye mtihani sanifu wa lugha na hesabu, na mzazi haruhusiwi kumsimamia mtoto wake. Wangu mmoja alikuwa la 3, mwingine la 5. Nani angewasimamia? Nikaenda maktaba kuuliza, mhudumu akanionyesha mama mmoja mwenye watoto sita, wamekaa sakafuni na vitabu vya wadudu. Nikamweleza shida yangu kwa sauti inayotetemeka. Akasema, "Wewe simamia wangu, mimi nitasimamia wako." Mtihani ulifanyika Aprili, kwenye ukumbi wa kanisa lake. Tangu siku hiyo Alhamisi zetu ni za pamoja.

Na sokoni Central Market, kwenye meza ya mchicha, nikasikia nyuma yangu, "Kuya hapa, we mutoto!" Niligeuka kama nimeitwa mimi. Ni mama wa Kongo, kutoka Uvira. Watoto wake wanasoma shule za kawaida, na sasa Jumamosi wanakuja kwangu kusoma Kiswahili. Mumewe ndiye aliyewafundisha wanangu somo la moto: alikuja na ndoo ya mchanga, akawasha jiko la mkaa uani, akawaonyesha kulizima.

Wazazi wenzangu, usingoje watu waje kukugongea mlango. Toka. Beba shida yako mkononi uwaonyeshe watu, maana mtu hawezi kukusaidia shida aliyofichwa. Na usichague wa kabila lako tu, wala wa lugha yako tu. Mungu ananileteaje msaada kama nimejifungia ndani?

Dada yangu, jibu ni hapana, usiendelee kama kawaida. Kabla hujaondoka, weka kadi za chanjo na cheti chako cha shule kwenye begi la mkononi, usivipakie kwenye lori. Ukifika usianze somo hata moja kabla hati haijafika wilayani. Kama mnakuja upande huu wa Lancaster, niandikie siku mnayoingia. Hati tutaijaza mezani kwangu, watoto wakicheza uani, na notari wa kushuhudia kiapo yuko mtaa wa pili.