Gesi ya AC ya gari kuisha kila baada ya miezi 2

Gesi ya AC hailiwi kama petroli, ndugu. Ikiisha ndani ya miezi 2 inavuja, na ukijaza tena kabla ya kujua inavuja wapi, unamwaga hela.

Anza kwa macho. Gesi hutoka na oili yake, kwa hiyo doa la mafuta lililoshika vumbi ndilo la kushuku: kondensa mbele ya rejeta (mawe ya barabarani huitoboa), maungio ya paipu, na kompresa pale kwenye klachi. Fungua vifuniko vya valvu za kujazia, weka tone la maji ya sabuni. Povu likipanda, sindano ya valvu imechoka. Bei yake ndogo.

Hujaona kitu? Fundi atoe gesi iliyobaki, atie nitrojeni kavu hadi psi 150, apake povu kila ungio. Upepo wa kujazia matairi huingiza unyevu, na oksijeni ikikutana na oili inaweza kulipuka. Geji ikishuka huku nje hakuna povu, basi shuku evaporeta (kipoza hewa kilicho ndani ya dashibodi), na huenda dashibodi ikabidi ifunguliwe.

Ukishaziba: oringi (pete za mpira za maungio) mpya zilizopakwa oili, vakyumu (pampu inyonye hewa yote) dakika 30, zima pampu, subiri dakika 20 mshale wa geji usirudi. Dar geji itasoma karibu inchi 29 za zebaki. Nairobi 24 hivi kwa sababu ya mwinuko, usigombane na fundi. Gesi ipimwe kwa mzani, gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti.