Mchunguze mpangaji kabla hujapokea kodi

Tanga ni ya waja leo waondoka leo, ila mpangaji mkorofi hana haraka ya kuondoka. Ukishapokea kodi ya miezi sita na kukabidhi funguo, kumtoa ni kazi. Kwa hiyo umchunguze kabla hata shilingi moja haijaingia mkononi. Dalali akikwambia "huyu mtu wangu, hana shida", msikilize, kisha endelea kuuliza. Yeye analipwa chumba kikipata mtu, awe mwema au mkorofi.

Omba kitambulisho chenyewe, si picha ya kwenye simu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zilinganishe na tarehe iliyoandikwa. Halafu chukua namba yake ya simu, fanya kama unamtumia pesa: jina la mwenye laini litatokea kabla hujathibitisha. Usitishe muamala hapo hapo. Kama jina si lake, aeleze laini ni ya nani.

Kwenye kipato wengi hukosea kwa kudai hati ya mshahara tu. Muuza samaki wa Deep Sea hana hati hiyo, na huenda akalipa vizuri kuliko mwajiriwa. Nenda ukaione biashara yake, uwaulize majirani wa kibanda ameanza lini. Aliyekuja kwa kazi ya mkataba, bandarini au kwenye mradi wa bomba la mafuta Chongoleani, muulize mkataba wake unaisha mwezi gani. Usimpangishe mwaka mzima mtu aliyebakiwa na miezi minne ya kazi.

Kabila, mavazi, au mama anayelea watoto peke yake, hayo hayakuambii kama kodi italipwa. Kuwakataa watu kwa hayo ni dhuluma.

La maana kuliko yote ni mwenye nyumba aliyepita. Usiishie kwa wa sasa, maana anayetaka kumwondoa mtu atamsifu hadi ushangae. Mtafute na yule wa kabla yake. Kutoka Makorora hadi Chumbageni ni safari fupi ya bodaboda. Nenda mwenyewe, uulize mambo matatu: kodi ililetwa au ilifuatwa? Walihamia wangapi, wakaishia wangapi? Je, ungempangisha tena? Swali la pili usilidharau. Nyumba ya Ngamiani yenye vyumba sita na choo kimoja uani, kila chumba kikiongeza watu wawili, shimo linajaa kabla ya wakati na ugomvi unaanza.

Mwoneshe nyumba mchana. Anayefungua bomba na kuuliza umeme wa LUKU mnachangia vipi, huyo anafikiria kukaa. Anayeuliza tu "naweza kuhamia leo?" mwambie asubiri hadi umalize kuuliza.

Ukiridhika, aje na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakotoka. Mkataba utaje idadi ya watakaoishi, muda wa notisi, na nani anabeba kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Sainini mbele ya mashahidi. Siku ya funguo, someni pamoja mita ya maji, mwandike tarakimu mlizosoma kwenye mkataba. Bili isiyolipwa hubaki na nyumba.