Usilinganishe CT mbili kabla hujaangalia ujazo wa mapafu

Umesema una emfisema (ugonjwa wa kubomoka vifuko vya hewa ndani ya mapafu), CT ya mwaka jana, yaani picha ya mapafu ya kompyuta, unayo, sasa unataka kupiga ya pili uone kama mapafu yamerudi, na ukikuta nafuu unaacha inhela. Ndugu yangu, usiache! Mimi niliacha kwa sababu hiyohiyo na ilinigharimu miezi minne.

CT yangu ya pili ilipigwa mbiombio. Nimelala, mikono juu ya kichwa, kikohozi kimenibana, sauti ikasema "vuta pumzi, shikilia". Nikavuta nusu, kitanda kikaanza kusogea. Hakuna aliyeniuliza kama kifua kimejaa. Majibu yakaja: emfisema imeshuka kutoka asilimia 21 ya mapafu hadi 14. Daktari aliyenisomea akanipa mkono wa pongezi, akasema inhela sasa niitumie nikibanwa tu. Nikaiweka kabatini.

Sasa sikia jinsi hesabu ile inavyofanyika. Kwenye kipimo cha Hounsfield, namba za CT zinazoonyesha kitu kimesongamana kiasi gani, maji ni 0 na hewa ni −1000. Kompyuta inahesabu sehemu za pafu zilizo chini ya −950 kuwa ndiyo emfisema, na mpaka huo umewekwa kwa pafu lililojaa pumzi. Ukivuta nusu, hewa ndani ni kidogo, nyama ya pafu inasongamana, namba zinapanda, na sehemu mbovu zinavuka −950 zikahesabiwa kuwa nzima. Hakuna kilichopona. Kuta za vifuko vya hewa zikishabomoka hakuna dawa ya kuzijenga upya, na daktari wa kifua analijua hilo kuliko mimi.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba jibu lilikuwa kwenye karatasi ileile, mstari wa chini kabisa: ujazo wa mapafu lita 6.3 picha ya kwanza, lita 5.1 ya pili. Zaidi ya lita nzima ya pumzi haikuingia! Aliyeandika ripoti hakuiona, aliyenisomea hakuiona, na mimi ndiye niliyekuja kufunga vifungo vya shati huku nimekaa kitandani, nikipumzika kila baada ya kimoja. Nilipopulizishwa spirometria, mashine inayopima nguvu ya kutoa pumzi, pumzi ya sekunde ya kwanza ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 58 ya inayotarajiwa hadi 47.

Kwa hiyo shika hili: bila ujazo wa picha zote mbili, usilinganishe. Ukipishana sana, hiyo asilimia ya emfisema iache. Unene wa vipande vya picha na namna ya kuichakata navyo viwe vilevile, maana navyo vinageuza namba. Kabla hujalala kwenye mashine, kohoa umalize, fanya mazoezi ya kuvuta na kushikilia mbele ya mpiga picha, na pumzi isipojaa mwambie hapohapo. Omba pia picha ya pili ukiwa umetoa pumzi yote, ndiyo inayoonyesha hewa iliyonaswa ndani. Wiki hiyohiyo kapulize spirometria, kabla na baada ya dawa ya kupanua njia za hewa. CT inaonyesha pafu limeharibika wapi, lakini nguvu ya kutoa pumzi inapimwa kwa kupuliza.

Itoe ripoti yako ya mwaka jana sasa hivi, tafuta palipoandikwa ujazo, uniandikie hapa ni lita ngapi.